Hotuba ya Kuzindua Ofisi ya Kuwatafutia Wananchi Misaada, Kalundu

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Gavana, mapadri na wachungaji, akina mama marais wa vyama vya wakulima, wapagazi wa bandari mliokubali kutua mizigo ili mnisikie, nanyi nyote kwa vyeo mlivyo navyo na mnavyovitamani!

Mimi Étienne Vainqueur, Mratibu wa Kudumu wa Muda, niligundua kwamba wafadhili wanatafuta wananchi, wananchi wanatafuta wafadhili, na katikati hakuna mtu. Hivyo nikajitolea kukaa katikati. (Makofi machache.) Tangu hapo, asilimia mia moja na nne ya vyama vya bonde la Ruzizi vimefanyiwa sensibilizasyo, yaani vimeambiwa kwamba vitaambiwa, na...

(Mama Consolate, rais wa wakulima wa mpunga wa Luberizi, anasimama: “Mukubwa, dosiye ya kuombea mufereji wetu pesa tulikuachia mwezi muzima, uipige kashe. Mwisho wa kuipeleka kwa wafadhili ilikuwa jana. Iko wapi?”)

Swali zuri sana, mama! Dosiye yenu iko katika mchakato. Haikupigwa muhuri kwa kuwa ofisi ilikuwa haijazinduliwa, na muhuri wa ofisi isiyozinduliwa ni kosa zito la kiutawala.

(“Na mupunga ukikauka?”)

Utakauka kwa kufuata utaratibu. (Minong'ono.)

(Mama Consolate: “Weye kaa nayo. Minye niliogopa, nikaipiga foto mbele ya kukuachia. Mwalimu Jolie wa Katogota akawaandikia wafadhili kwa simu yake, akawatumia na hiyo foto, wakajibu kashe haina lazima. Kesho kutwa wanakuja kupima mufereji!” Vigelegele, wapagazi wanapiga meza.)

Naam! Hayo ndiyo matunda ya kwanza ya ofisi hii! (Kicheko kirefu.) Naomba utulivu. Bila mimi kuichelewesha dosiye, je, mwalimu Jolie angejifunza kuandika ombi? Huko ndiko kuijengea jamii uwezo! Misaada, oyée! Katikati, oyée! (Mtu mmoja anakohoa.)

Nahitimisha kwa kuwashukuru mliotia saini listi ya waliohudhuria, kwani ndiyo tutakayoiambatanisha na ombi letu kwa mfadhili, pindi atakapopatikana, ili ofisi ninayoizindua leo nayo ipate kuwepo.

(Mama Consolate anaifikia listi, anachukua biki, anafuta jina lake. Nyuma yake watu wanapanga mstari kuisubiri biki.)