Kikombe Kisichosimama

Jumatatu, tarehe 6, Mwezi wa Kukama Mara Tatu
Mchuuzi Poppo kafika sokoni kutoka Frisia, ng'ambo ya bahari! Nimempa jibini zangu zote, kanipa kikombe cha kioo cha Wafaranki. Kijani! Chini kimechongoka kama pembe, hakisimami. Mume wangu Beorn kauliza mtu akitaka kukitua atakiweka wapi. Nikamwambia asinitie aibu, wakubwa hawatui vikombe.

Jumatano, tarehe 8
Kesho anakuja Bibi Cyneburh, mke wa bwana wetu. Mtoto atakayempakata ndiye atakayemsimamia ubatizo Jumapili. Akikua atalelewa ukumbini kwa bwana, atatarizi kwa nyuzi za dhahabu! Binti yangu Tate ana meno mawili na kicheko. Nani atamkataa? Jirani Hildelith naye ana mtoto, analia kama bata. Nyumba nzima bakuli za mti tupu. Namwonea huruma. Kidogo.

Alhamisi, tarehe 9
Kaja! Nikammiminia pombe ya asali. Kikombe kakisifu mara tatu. Tate akamnyooshea mikono. Bibi akatazama kikombe, akatazama meza, akatazama sakafu. Pa kukitua hakuna. Akakinywa chote ili anikabidhi. Mgeni akae na kikombe kitupu nyumbani kwangu? Thubutu! Nikajaza. Tate akanyoosha mikono tena. Bibi akanywa. Nikajaza. Cha tano akaanza kumwimbia mbuzi wetu. Wajakazi wake wakamshika makwapa, wakaondoka naye. Tate akalia mpaka akalala.

Ijumaa, tarehe 10
Asubuhi Bibi kapita kwa Hildelith, kichwa kinamgonga. Kanywa mtindi, katua bakuli kwenye benchi, kampakata yule bata. Kwa mikono miwili! Hildelith kanikuta kisimani, eti, "Pole shoga. Kikombe chako kizuri, ila nacho kinataka kubebwa kama mtoto." Nimelia. Tate kanishika pua, akacheka. Mwanangu huyu!

Jumamosi, tarehe 11
Bibi katuma mjakazi: nafasi ya mtoto mmoja bado ipo, atapita kwetu kesho kabla ya ibada! Nimekaa kutwa nzima nafikiri nilikosea wapi. Hatimaye nimeona. Siku ile mkono wake mmoja ulikuwa mtupu, hauna chochote cha heshima. Nimekimbia kwa Poppo na siagi yote ya nyumba. Kesho Bibi atashika vikombe viwili, kila mkono chake. Lala, Tate wangu. Kesho unapakatwa.