Kete Moja Kabla ya Jua Kuzama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeanza vita na baba mkwe. Bado si baba mkwe, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Mzee Omanga, baba yake Moraa, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa la Sabato kule Homa Bay, amesema hapokei wazee wa posa wa kijana asiyemjua. Na mtu, kwa maoni yake, utamjua akicheza drafti. Basi Moraa amemwekea drafti kwenye laptopu. Mimi nimeweka mchezo huo huo kwenye simu, hapa Migori, katikati ya mikungu yangu ya ndizi. Akisogeza kule, kete inasogea huku. Maajabu! Kila mtu ana saa ishirini na nne za kufikiri. Zikiisha hujasogeza, umeshindwa. Kero ni matangazo tu, kila mara kisanduku kinaruka mbele ya macho.

Nikishinda, wazee wangu wanaenda Homa Bay mwezi huu. Nikishindwa, ningoje Desemba.

Mzee aliniuliza kama huwa nacheza siku ya Sabato. Mimi? Nikamwambia simu yangu huzimwa Ijumaa jioni, haiwaki mpaka Jumapili. Akafurahi sana.

Jumanne, 10 Juni

Mpango! Mniko, yule Mkuria mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, jengo la pili, ana mchezo huu kwenye kompyuta, na ukitaka unacheza na mashine yenyewe. Kwa hivyo Mzee akisogeza kete, naisogeza hivyo hivyo dhidi ya mashine. Mashine ikijibu, namjibu Mzee hivyo. Mashine haiogopi walimu wastaafu.

Jioni. Nimeliwa kete nne kwa mkupuo mmoja. Mashine iliniambia kaa hapo, ni salama. Kingi ya Mzee, kete yake iliyofika mwisho wa ubao, ikatoka pembe ile ya mbali ikafagia kila kitu. Mniko amekagua, akasema mashine ilikuwa inafuata sheria za wenyewe huko ng'ambo, ambako kingi inatembea hatua moja moja. Kwetu kingi inaruka, tangu tukicheza na vifuniko vya soda. Akaniuliza mbona sikuangalia.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwomba Moraa amwage chai kidogo kwenye laptopu ya baba yake. Kidogo tu. Amekataa. Ameniuliza kama nina akili timamu, halafu akasema nicheze tu kama mtu. Kama mtu! Nina kete tano, Mzee ana tisa.

Ndizi tatu zimeoza. Achieng wa hoteli amenunua kwa jirani kwa sababu alinisalimia mara mbili nikiwa nimeinamia simu.

Alhamisi, 12 Juni

Kete tatu. Sikulala. Alfajiri, wazo likaja lenyewe.

Mzee hagusi kompyuta wakati wa Sabato. Sabato ni kutoka jua la Ijumaa kuzama mpaka la Jumamosi kuzama. Saa ishirini na nne! Sawasawa na za mchezo. Kesho jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne. Moraa aliwahi kuniambia baba yake hufunga laptopu saa kumi na mbili kamili, anaoga, anakusanya familia kwa maombi. Nikisogeza saa kumi na mbili na nusu, hataona. Saa zake zitaishia kesho yake, Sabato bado haijatoka. Ameshindwa! Na dhambi sina.

Ijumaa, 13 Juni

Saa kumi na mbili na nusu, nimesogeza. Nikazima simu. Nikaoga, nikavaa shati safi, nikaimba wimbo mmoja wa kukaribisha Sabato. Moyo mweupe kabisa.

Saa moja nikawasha simu kuangalia saa tu. Ole wangu. Mzee amesogeza saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane! Chini ya ubao kikaruka kisanduku chenye maandishi madogo madogo, nikakifunga kwa hasira. Matangazo hata siku takatifu.

Nimepiga hesabu mara tano. Saa zangu zinaisha kesho dakika sita kabla ya jua kuzama. Shimo nimelichimba mwenyewe, nimelipima mwenyewe, na limenitosha.

Jumamosi, 14 Juni

Kanisani sikusikia neno. Mhubiri alihubiri uaminifu katika mambo madogo, nadhani.

Saa kumi na moja na nusu nikashindwa kuvumilia. Bando la intaneti kwenye simu lilikuwa limeisha. Nikavua tai, nikaingia kwa Mniko kwa mlango wa nyuma. Yeye ni Mkatoliki, Jumamosi anafanya kazi. Nikafungua mchezo kwenye kompyuta yake, nikashika kete. Mniko akachungulia, akasema si hiyo, ni ile ya kando. Nikasogeza ile ya kando. Ikala tatu, ikawa kingi! Nilimkumbatia.

Halafu nikaona. Mchezo huu unaandika saa kando ya kila hatua. Jumamosi, 5:52 PM, jua bado halijazama. Haifutiki, nimejaribu.

Saa moja na robo Mzee akapiga simu. Hakusalimu. Akauliza, "Bichage, jua lilikuwa wapi ukisogeza hiyo kete?"

Nikasema si mimi. Nikasema ni Mniko, rafiki yangu Mkatoliki, niliacha mchezo wazi kwenye kompyuta yake.

"Basi mwambie huyo Mniko aje kesho tucheze. Wewe kaa na ndizi zako."

Jumapili, 15 Juni

Mniko ameenda Homa Bay. Ameenda na mkungu wangu bora, ati haiwezekani aende mikono mitupu.

Moraa amepiga simu. Kile kisanduku cha Ijumaa hakikuwa tangazo. Baba yake alikuwa ameomba tusimamishe mchezo mpaka Sabato iishe, nibonyeze tu kukubali. Na alikuwa ameshapanga kupokea wazee wangu tarehe ishirini na nane, nishinde nisishinde. Alitaka kuona tu kama nitamaliza. Hata hilo la kusogeza Sabato angelisamehe. Uongo wa kumsingizia Mniko ndio umemvunja moyo. Moraa akasema naye pia, akakata simu.

Nimelia hapa katikati ya ndizi. Sioni aibu kuandika.

Mniko amerudi jioni. Amekula kuku. Mapaja yote mawili. Amesema Mzee ni mtu mzuri sana, na amefuta mchezo wetu, ameanzisha mpya, tuucheze polepole mpaka Desemba, na niucheze kwa mkono wangu.

Nimeufungua. Kisanduku kimeruka, nimekifunga, sina wakati nacho, niko kwenye hesabu. Ijumaa hii jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Kosa langu lilikuwa kumwachia dakika kumi na nne nzima. Safari hii nitasogeza saa kumi na mbili na arobaini na nne.