Maharage Mekundu kwa Jengo la 106

Jumatatu, 9 Februari

Tangazo limebandikwa ndani ya lifti, juu ya lile la mbwa wanaokojoa ngazini. Jumamosi asubuhi, katika chumba cha wazee, jengo letu la 106 litapiga kura kuhusu mpaka wa shule. Kila nyumba kura moja. Ama watoto wetu wabaki shule ya zamani, ile ya matofali hapa nyuma, ama mpaka usogezwe waende shule mpya ng'ambo ya barabara kubwa. Ofisi ya elimu itafuata watakachosema wengi.

Shule mpya ina bwawa la kuogelea. Shule ya zamani ina Bibi.

Duka la Bibi liko mbele ya lango la shule tangu kabla sijazaliwa. Anauza tteokbokki, vipande vya unga wa mchele vilivyozama kwenye mchuzi wa pilipili, na mishikaki ya samaki. Bila watoto wa jengo letu atabaki kuwauzia njiwa. Mwenyewe amesema hivyo akimenya vitunguu, bila kuinua macho: mpaka ukisogezwa, anafunga duka mwisho wa mwezi na kuhamia Namhae, pwani, kwa dada yake, kuanika dagaa. Na mimi niliyemaliza shule Ijumaa (maua ya mahafali bado yako kwenye ndoo) nitapelekwa mjini Incheon, ofisini kwa Shangazi. Kupokea simu.

Simu. Mimi ambaye mtu wa maziwa akinisalimu masikio yanashika moto.

Watoto tu ndio ninaoweza kuongea nao. Saa saba na nusu mchana wanapanga foleni dukani, wananiita dada, na mimi naongea kama redio. Sijui kwa nini. Incheon nitakuwa bubu kabisa.

Kwa hiyo lazima tushinde. Bibi hataki kuomba kura, anasema mtu mzima habembelezi watu kwa ajili ya mchuzi. Nitaomba mimi. Kwa siri.

Adui: Mama Ha-ram wa 604, juu yetu. Mwenyekiti wa akina mama wa jengo. Mwanawe anaingia darasa la kwanza mwezi ujao, na hukimbia juu ya dari yetu kama ndama aliyekatika kamba. Tena bado ananiita "mwanafunzi".

Jumanne, 10 Februari

Mpango wa kwanza: lifti. Kila mtu hupanda lifti. Ndani ya lifti hakuna pa kukimbilia. Niliandaa sentensi moja nzuri: Naomba mtukumbuke Jumamosi, sisi na shule ya zamani.

Nimepanda na kushuka tangu chai mpaka mchana. Mzee wa 201 nilimwambia kuna baridi. Akakubali. Mwalimu wa piano wa 1003 nilimwangalia viatu. Wa 803 nilimweleza kila kitu, mpaka, bwawa, barabara, Bibi, na akaniunga mkono kwa moyo wote. Ana miaka minne. Hana kura.

Mama Ha-ram akaingia. Akatoka. Akaingia tena na mboga. Safari ya tatu akanitazama na kuniuliza, mwanafunzi, bibi yako amekufungia nje? Kuitikia kwa kichwa kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Basi akaniburuta kwake, akanilisha tambi, akanifunika miguu kwa blanketi, huku akimsema Bibi kwamba kumfungia mtoto nje na baridi hii ya mwezi wa pili ni roho ya namna gani. Sikumtetea Bibi. Nilikuwa na tambi mdomoni.

Kimchi yake, kabichi iliyochachushwa na pilipili, ni tamu. Naandika hili kwa uchungu.

Nimerudi nyumbani na bakuli zima la kimchi ya adui. Kura: hakuna.

Jumatano, 11 Februari

Bibi ameondoka na basi la alfajiri kwenda Namhae kuchukua dagaa wa sikukuu. Atarudi Ijumaa. Nafasi ni hii.

Mpango wa pili, na sijui kwa nini haukuwa wa kwanza: keki. Nimetoa sufuria kubwa ya mvuke, mchele wote mzuri uliokuwa kabatini, na maharage mekundu. Nimepika keki ya mchele tabaka juu ya tabaka, maharage juu, nikaikata vipande, nikaviweka kwenye mifuko. Nimepita ngazi zote za jengo. Mfuko kwenye kitasa, kengele, mbio. Ndani ya kila mfuko karatasi ndogo: Nyumba 504. Basi. Sikutaja kura hata kidogo. Watu wangekula, wangemkumbuka Bibi, mioyo ingelainika yenyewe. Niliona huo ndio ustaarabu.

Jioni kengele ikalia. Nikachungulia kwenye tundu la mlango. Mzee wa 201 kashika bunda la karatasi za chooni. Sikufungua, akaliweka chini, akauinamia mlango, akaenda. Kisha 702 na sabuni ya unga. Kisha 1003 na karatasi za chooni. Kisha sabuni, karatasi, karatasi, sabuni.

Nilielewa nilipoona siwezi tena kuufungua mlango kwa sababu ya mzigo.

Keki ya maharage mekundu mlango kwa mlango! Wanaofanya hivyo ni watu waliohamia! Mimi mwenyewe nilifanya hivyo tulipohamia hapa, nimeshika sahani nyuma ya sketi ya Bibi. Na majirani huleta karatasi za chooni ili mambo ya nyumba mpya yajikunjue bila kukwama, na sabuni ili heri itoe povu. Jengo zima linaamini 504 ina watu wapya.

Na kama ina watu wapya, Bibi yuko wapi?

Nimemsikia wa 702 nje ya mlango akimwambia wa 503 kwamba kumbe Bibi Maeng ameuza akaenda zake, hata kuaga hakuaga. Wa 503 akasema ndiyo maana tangu asubuhi duka halijafunguliwa. Wa 702 akavuta pumzi ndefu na kusema alikuwa apige kura ya kubaki kwa ajili ya yule bibi, lakini kama bibi mwenyewe hayupo, basi angalau watoto waogelee.

Nimesukuma mlango mpaka ukaachia, nimeingiza mzigo wote ndani, sasa nimeketi juu ya karatasi za chooni. Ni laini, za tabaka tatu. Majirani zetu ni watu wema sana.

Alhamisi, 12 Februari

Ningeweza kubisha kila mlango na kueleza. Nilifika hadi kwenye kitasa, nikarudi.

Kwa hiyo mpango wa tatu. Bibi lazima aonekane. Bibi hayupo. Lakini nguo zake zipo.

Suruali ya maua. Kizibao cha zambarau chenye pamba. Barakoa. Ile kofia ya jua, pana kama sinia, anayoivaa hata theluji ikianguka. Kigari cha sokoni. Nikajiangalia kwenye kioo cha lifti: Bibi mtupu. Nia yangu ilikuwa kupita mara moja uwanjani, watu waone, nirudi.

Mlango wa chumba cha wazee ukafunguka. Bibi Pyo wa ghorofa ya kwanza, mkuu wa wazee wote, akatoa kichwa, akanitazama kutoka kofia hadi viatu. Viatu nilisahau. Ni vya michezo, vya waridi. Akaniambia, Bibi Maeng, mbona leo mgongo umenyooka hivyo, ingia tucheze karata pamoja.

Nikaketishwa kwenye sakafu inayopashwa joto, blanketi miguuni, karata za maua mkononi. Walikuwa wanne. Mmoja aliuliza magoti yangu yanaendeleaje. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba yanauma, hasa lile la katikati. Nilitaka kusema la kushoto. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani kujifuta macho. Wazee wa jengo letu ni wachangamfu kuliko nilivyojua.

Kisha Bibi Pyo, akipanga karata zake, akauliza, yule mjukuu wako mwenye haya anaendeleaje? Nikasema ni msichana mwenye akili, tatizo watu hawamwelewi. Wote wakakubali kwa vichwa. Akauliza tena, taratibu sasa: wewe na uzee wako, mpaka wa shule unakuhusu nini? Sisi hapa hatuna mtoto wa shule hata mmoja. Jumamosi tulikuwa tukae zetu nyumbani.

Basi nikasema. Sijui nilianzaje. Nilisema kuhusu yule wa darasa la pili anayekula mishikaki ya samaki huku akinisimulia ndoto zake, na ndoto zote zina mamba. Yule anayesahau glavu kila siku, nami naziweka juu ya birika zipate joto. Yule ambaye mwaka jana hakuongea na mtu shuleni, akaja dukani siku tatu akiangalia tu, siku ya nne akasema "pilipili kidogo", nami nikaenda nyuma ya friji kulia. Nikasema mtoto akiwa na mahali pamoja pa kuongea, pengine mengine yatafuata, lakini hapo pakiondolewa, aanzie wapi? Mchezo ulisimama. Hapo nikagundua sauti ya Bibi imenitoka muda mrefu. Nikakohoa kwa nguvu na kulalamikia magoti.

Hakuna aliyegundua. Wakati wa kuondoka Bibi Pyo alinitia kalamu na chokoleti mfukoni, nimpelekee mjukuu, kwa kuwa amemaliza shule. Nikashukuru kwa niaba yangu.

Ijumaa, 13 Februari

Bibi amerudi. Alianzia mlangoni, kwa sababu mzigo ulioko ndani haukumwachia pa kupita. Akauliza kama nimefungua kiwanda. Nikamwambia majirani wana ukarimu. Akaenda kabatini, akarudi, akauliza mchele wa sikukuu uko wapi. Nikamwambia majirani wana njaa pia.

Amekasirika kwa muda wa kutosha kukaanga dagaa wote. Kisha akasema kuna jambo haelewi. Kwenye lifti mzee wa 201 alipomwona alimwangalia kama mtu aliyefufuka. Na Bibi Pyo alimpongeza kwa kucheza karata vizuri jana.

Akaniangalia. Mimi nikaiangalia sufuria ya wali.

Akasema tu kwamba suruali yake ya maua iko kwenye kamba, na yeye hakuifua.

Jumamosi, 14 Februari

Kura.

Chumba cha wazee kilijaa. Sanduku la tambi likafungwa kwa gundi, likatobolewa juu. Mama Ha-ram akawasha projekta na kuonyesha bwawa. Lazima niwe mkweli, ni bwawa zuri. Maji yake ni ya buluu kama kwenye matangazo ya dawa ya meno. Nikahesabu nyuso. Akina mama wachanga wote walikuwa upande wake.

Ndipo wazee wakaingia. Wa ghorofa zote, kila mmoja na mto wake wa kukalia, wakiongozwa na Bibi Pyo. Wengine sijawahi kuwaona nje ya lifti. Mama Ha-ram aliwaambia kwa heshima kwamba leo ni mambo ya shule. Bibi Pyo akajibu kwamba kila nyumba kura moja, au lile tangazo lilisema kila bwawa?

Wakahesabu ubaoni, mistari mitano mitano. Bwawa likaongoza. Kisha matofali. Kisha bwawa. Sikuangalia, niliangalia soksi za wa 702. Nilisikia tu Bibi Pyo akipiga paja lake.

Tumebaki! Mpaka haukusogea hata kiatu kimoja!

Mama Ha-ram aliniomba, kama kijana wa jengo, niseme maneno mawili. Nikaenda kukaa nyuma ya sanduku.

Bibi alivaa kizibao chake, akaenda dukani, akawasha jiko la gesi, ingawa leo hakuna shule. Watoto wakaja hivyohivyo. Wa mamba aliota mamba wawili. Saa nane Mama Ha-ram akaja na Ha-ram, uso umenuna, akala sahani mbili. Akaniambia mchuzi wetu ungefaa na kimchi yake. Wakati wa kulipa akasema nimpe salamu yule bibi wa Alhamisi, mwenye viatu vya waridi.

Sikuelewa. Bibi hana viatu vya waridi.

Jumapili, 15 Februari

Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu, kama mtu mzima aliyemaliza shule. Tumeshinda kwa sababu mbili: keki ililainisha mioyo, na hakuna aliyenitambua kwenye nguo za Bibi. Kwa kuwa zimefanya kazi, si busara kuzibadilisha.

Sasa inabaki kushukuru. Kupita kila mlango na kusema asante siwezi, masikio yangu hayawezi. Kesho Bibi anapeleka dagaa Incheon kwa Shangazi, atashinda huko. Nyumba itakuwa yangu. Nitaweka mfuko kwenye kila kitasa, kuanzia ghorofa ya kwanza hadi juu, bila maelezo, namba ya nyumba tu. Safari hii hakuna atakayeshindwa kuelewa.

Nimeshaloweka maharage mekundu.