Bathtabu Iliyoliliwa Kiomboi

Jumatatu, 23 Juni 2025

Agripina, mke wangu,

Frank kapiga simu kutoka Mwanza. Mwanao siku hizi anaongea kama hakimu. Anasema tangu nilipoteleza mwezi wa tano kule bafu la nje, hapati usingizi. Nikamwambia niliteleza kidogo tu. Akasema mtu aliyeteleza kidogo halali chini mpaka jirani aje kumwokota. Jirani mwenyewe ni Damiani. Kamweleza kila kitu. Mbea!

Hukumu ni hii. Frank anakuja Jumamosi ya tarehe tano, kabla ya Sabasaba. Akikuta stoo imegeuzwa bafu la ndani, lenye bomba la mvua na chuma cha kushikilia ukutani, nabaki. Asipokuta, nafunga begi nikaishi kwake, ghorofa ya tatu.

Ghorofa ya tatu! Na wewe umelala hapa nyuma ya nyumba, hatua arobaini na moja kutoka mlango wa jikoni. Nani atakung'olea magugu? Nani atakuambia kwamba kuku mweusi ameangua?

Nimemwita fundi Peniel. Siku kumi na mbili. Ni nyingi mno.

Jumanne, 24 Juni

Peniel kaja na futi yake. Kasema bomba la mvua ni kazi ya siku mbili, tatu akiumwa jino. Nilikuwa nakaribia kukubali.

Ndipo Damiani akaanza kuimba.

Unamjua. Dereva mstaafu, Msukuma, mtani wangu wa kuzaliwa. Tangu binti yake amwekee bomba la mvua la maji ya moto, kila asubuhi saa kumi na mbili anaimba humo ndani mpaka mbwa wanaitikia. Akimaliza anakuja kunisalimia, kichwa kinachuruzika, ili nione. Leo kamkuta Peniel na futi. Kafurahi sana. Kasema karibu kwenye maendeleo, Mnyiramba, ila ujue bomba la pili mtaani halina habari, habari ilikuwa la kwanza.

Nikamwambia nani kasema naweka bomba la mvua?

Agripina, yalinitoka tu. Lakini yalipokwisha kutoka niliona yana akili. Nilikumbuka wakati ule unafua kwa daktari wa misheni. Ulinisimulia siku waliposafiri. Ulivua kandambili, ukapanda kwenye lile beseni refu la chuma, la kuoga umelala, wao waliliita bathtabu. Ukalala humo kavu, na gauni lako, dakika tano. Ulisema ipo siku utaingia na maji ndani. Mimi nilicheka. Nisingecheka.

Bathtabu! Hakuna mwenye nayo kata nzima. Damiani atanyamaza kwa aibu.

Ijumaa, 27 Juni

Safari ya Singida mjini. Mafanikio makubwa!

Bhavesh wa duka la vifaa vya ujenzi anabomoa bafu la marehemu babu yake. Bathtabu ya chuma, nyeupe, miguu minne iliyokunjwa kama ya paka. Anaiondoa aweke bomba la mvua. Kasema mama yake magoti hayamruhusu tena kupanda na kushuka, mara mbili wamemtoa humo kwa kusaidiana. Kisha akaniangalia magoti yangu, akaniuliza kama nina hakika, mzee.

Nikampa pole ya mama. Sikuelewa magoti ya mama yake yanahusiana nini na biashara yetu.

Nimeipima mwenyewe. Nilivua viatu nikalala ndani. Urefu ni mimi na shubiri moja. Upana sikupima. Mimi ni mwembamba, na mlango wa stoo napita kila siku.

Ile hela ya bomba aliyotuma Frank imetosha kabisa, pamoja na gari. Kesho italetwa na pikapu.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianzie wapi.

Niliogopa isije ikakwaruzwa njiani. Kwa hiyo niliifunika kwa blanketi letu la bluu, nikaizungushia shuka jeupe, nikaifunga kwa kamba. Nilikaa nyuma ya pikapu nikiishikilia kwa mikono miwili. Upepo ulikuwa mkali, macho yakatoka machozi. Dereva aliwasha taa kwa sababu ya vumbi, akaenda polepole.

Tulipoingia mtaani, Jenipher, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuwa anaanika mtama. Akatuona. Akaangusha ungo. Akapiga yowe ambalo nadhani hata wewe ulilisikia.

Kabla pikapu haijasimama, uwanja umejaa. Wanawake wamejifunga khanga. Wanaume wanaleta mabenchi. Mtu kawasha moto. Kila mmoja ananipa mkono kwa macho ya chini, ananiambia pole, mzee Laurian. Nikadhani ni pole ya safari. Nikajibu asante, nimeshapoa, ila mgongo. Wakatazamana, wakasema mzee amejikaza.

Nilielewa Jenipher aliponiuliza kwa sauti ndogo kama Frank ameshapewa taarifa, au ndiye huyu.

Agripina, nilifungua mdomo niseme. Mungu ni shahidi. Lakini niligeuka nikaona wanaume kumi na wanne wenye nguvu, wamevua makoti, wamejipanga pande mbili za pikapu. Dereva alikuwa amesema yeye hashushi. Ile bathtabu ni nzito kama ng'ombe aliyegoma. Nikamwambia Jenipher Frank hajambo, nikafunga mdomo.

Wakaibeba wakiimba. Vizuri sana! Sauti ya pili ilikuwa tamu. Mlango wa mbele ikapita. Mlango wa stoo ikagoma. Wakajaribu kichwa, wakajaribu miguu. Wakaitua sebuleni, chini ya picha yako.

Hapo akaingia Damiani. Mtani msibani ana ruhusa zake, unajua. Akaja mbio, akaruka, akakaa juu ya mzigo, miguu huku na huku, akatangaza Mnyiramba huyu haondoki hapa mpaka mtani apewe beberu. Akapiga kofi kudai haki yake.

Ikalia ngoooo! Kama kengele ya parokia.

Damiani akapiga tena. Ngoooo. Akainua pembe ya shuka. Akachungulia. Akasema, jamani, marehemu ana tundu la kutolea maji.

Jenipher alikasirika kwanza. Aliniuliza, mzee wangu, tumelia machozi ya bure? Nikachinja jogoo watatu, maana watu waliokuja na unga wao huwezi kuwarudisha na njaa. Wakala, wakacheka, watoto wakapanda ndani kwa zamu. Wakati wa kuondoka Jenipher akasema hayakuwa ya bure. Alipoona lile blanketi alikukumbuka wewe, na siku tulipokuzika alikuwa amelazwa hospitali, hakukulilia vizuri. Leo amelipa.

Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Jumatano, 2 Julai

Peniel kabomoa ukuta wa stoo kwa nje ili bathtabu iingie. Imeingia! Ukuta kuurudisha ni wiki mbili, kasema, na jino limeanza. Kwa sasa kuna bati. Upepo ukivuma bati linapiga makofi.

Kuhusu chuma cha kushikilia, Peniel kaniuliza kifungwe wapi. Nikamwonyesha ukuta. Akanionyesha kwamba ukuta huo ndio tulioubomoa.

Leo ni siku ya maji ya bomba. Nimejaza ndoo tisa. Maji yakafika nusu ya mbavu za bathtabu, yakaishia hapo, safi, ukiona unataka kuyaimbia. Sikuoga. Nayatunza ya Jumamosi.

Mpango wangu ni huu. Basi la Frank linafika saa nne. Saa tatu na nusu nachemsha sufuria tatu, namimina, napima joto kwa kiwiko kama ulivyokuwa unafanya. Saa nne kasorobo naingia. Frank akifungua mlango anamkuta baba yake ametulia ndani ya maji ya moto kama bwana mkubwa. Anayelala hawezi kuteleza. Atasema nini? Hana la kusema!

Jumamosi, 5 Julai

Basi lilichelewa.

Mwanzo ulikuwa mzuri, lazima niseme ukweli. Niliingia, nikalala, maji yakafika kidevuni. Magoti yakaacha kuuma kwa mara ya kwanza tangu masika. Nikaelewa ulichokuwa unakitafuta kwa daktari. Nikakuonea huruma kwamba uliipata kavu.

Saa nne Frank hakuja. Saa nne na nusu maji yakawa vuguvugu. Saa tano yakawa maji tu. Bati likapiga makofi, upepo wa Julai ukaingia wote. Nikaamua kutoka.

Magoti yakakataa.

Nikajaribu kulia, kushoto, kwa tumbo. Sabuni ilikuwa kila mahali. Kila nikinyanyuka nateleza narudi, na maji yanapungua kwa kumwagika. Kwa mara ya kwanza nikamfikiria mama yake Bhavesh.

Nikaita. Kwa sauti ndogo, kwa sababu ya heshima. Kisha kwa sauti kubwa.

Akaja Damiani. Nani mwingine? Akasukuma bati, akaniona, akakaa chini akacheka mpaka akashika ubavu. Akaniuliza kama nataka aniite watu kumi na wanne. Kisha akaona midomo yangu, akaacha kucheka ghafla. Akakunja suruali, akaingia ndani anishike kwapani. Akateleza. Akanikalia.

Frank alifungua mlango hapo.

Alikuta wazee wawili ndani ya bathtabu moja, mmoja uchi, mmoja na suruali na kofia, wote wanaelekezana. Damiani akaitikia marahaba kabla hajaamkiwa.

Frank alitutoa mmoja mmoja. Alinifuta kwa taulo, kichwa kwanza, kama ulivyokuwa unamfuta yeye. Kisha akasema, baba, kesho tunapanga vitu vyako.

Nikamwelekeza begi lilipo.

Jumapili, 6 Julai

Begi limefungwa. Ni lile la kijani, zipu yake unaijua.

Baada ya misa nilikuja kwako kukuaga, ila nikaishia kukuambia habari za kuku. Nilikusudia kurudi jioni.

Niliporudi ndani nilimkuta Damiani sebuleni na Frank. Kichwa chake kikavu. Sijawahi kumwona na kichwa kikavu asubuhi. Alikuwa anaangalia sakafu, anamwambia Frank jambo ambalo, nadhani, hakutaka nilisikie. Lile bomba lake la mvua lilikufa Pasaka. Liliungua, likanuka, likazima. Hakumwambia binti yake, asije naye akamfungia begi. Tangu hapo anaoga kwa kopo nyuma ya nyumba, baridi hii yote, kisha anaingia ndani kuimba ili mimi nisikie.

Frank akamuuliza kwa nini aimbe.

Akasema, huyu mzee asipokasirika asubuhi, nitajuaje kama ameamka salama? Siku ile ya mwezi wa tano niliimba ubeti mzima hakunijibu tusi. Ndiyo maana nilikuja kumwangalia. Sasa unamchukua. Mimi nitamwimbia nani, mwanangu?

Frank alitoka nje akasimama muda mrefu upande wako. Sijui mliongea nini. Aliporudi alitoa masharti. Bathtabu inatoka. Bomba la mvua linawekwa kesho, yeye akiwepo, na vyuma viwili vya kushikilia, kwenye ukuta ambao haukubomolewa. Wazee wote wawili wataoga hapo, kila siku, mmoja akioga mwingine amekaa mlangoni. Asiyemwona mwenzake saa moja asubuhi anapiga simu Mwanza.

Nikauliza, na begi? Akasema, lifungue, baba.

Nilishindwa na zipu. Damiani akaifungua kwa meno.

Jumanne, 8 Julai

Jana, Sabasaba, Frank na Peniel walifanya kazi mchana kutwa. Jenipher kaichukua bathtabu kwa ajili ya jumuiya, kuoshea vyombo vya msibani. Ilitoka kwa wanaume wanane tu, na wote walidai kuchungulia kwanza.

Bomba la mvua ni zuri. Nakiri. Nimeoga nimesimama, nimeshika chuma, maji ya moto yananipiga utosini. Damiani aliingia wa kwanza akamaliza nusu ya maji, kwa makusudi. Nilimtukana kupitia mlango. Akaimba. Naona ndivyo itakavyokuwa.

Nimemsindikiza Frank stendi. Kanishika mabega, kaniapisha kwamba sitaingiza tena kitu chochote kizito ndani ya nyumba bila kumuuliza. Nimeapa. Nilimaanisha kila neno, Agripina. Basi lilipokata kona nilikuwa bado napunga mkono.

Sasa sikiliza. Simu imelia nikiwa bado stendi. Ni Bhavesh. Kafika sebuleni na ukarabati wake. Anaondoa bembea ya ndani, ya bibi yake, mninga uliochongwa, minyororo minne ya shaba, ya kukaa watu wawili. Inaning'inizwa kwenye mbao za dari, unakaa jioni, unajisukuma kwa kidole cha mguu. Wawili, mke wangu! Mimi upande wa dirisha, na upande wako hakai mtu. Damiani akitaka asimame.

Kiapo sikivunji. Frank alikataza vitu vizito, na kitu kinachoning'inia uzito wake uko juu, haukanyagi nyumba. Mbao za dari nimezigonga kwa mwiko. Upande mmoja zimelia vizuri. Upande wa pili umedondoka unga kidogo, mchwa wa zamani, nadhani walishahama.

Peniel anakuja Alhamisi saa nne, jino likimruhusu. Nitakaa mimi wa kwanza, kuijaribu.

Nikumbuke huko uliko, Agripina. Siku zote, ila Alhamisi zaidi.

Laurian wako