Nilivyofunga Shule kwa Maombi Saa Tatu Asubuhi

Leo nimeaibika mpaka kivuli changu kimekataa kunifuata nyumbani.

Mnajua vile nimekuwa nikiitamani kazi ya mwalimu mlezi, yule anayewashika mkono walimu wapya wa hapa Tawa. Unakaa nyuma ya darasa, unamtazama mwenzako akifundisha, unaandika, halafu mnakaa naye umwonyeshe pa kuboresha. Leo nilikuwa najaribiwa. Wa kutazamwa na mimi: Madam Mutheu, aliyetoka chuo juzijuzi. Wa kunitazama nikimtazama: Madam Ndunge, afisa wa elimu, mama ambaye akikohoa tu, mwalimu mkuu anafunga vifungo vya koti.

Nikavaa tai. (Ile ya harusi yangu. Bado inanikaba vizuri.)

Somo likaanza. Gredi ya Nne, vipimo. Mutheu alikuwa ameleta kamba za katani, amezipiga fundo kila mita, na watoto wakaanza kupima darasa. "Moja... mbili... tatu..." Sauti za chini, tamu. Jua likaingia dirishani, likaligeuza vumbi la chaki kuwa dhahabu. Upepo ukaleta harufu ya mvua iliyonyesha ng'ambo ya kilima. "Nne... tano..."

Jamani, nani angepona?

Tena kumbukeni mimi ni mtu wa shule ya usiku. Mchana nilisukuma mkokoteni, usiku nikasoma. Nilihitimu kwa mambo mawili: Kiswahili, na kusinzia nimekaa wima huku kalamu inatembea.

Basi nikaenda. Kiti changu kikainuka polepole, kikaelea juu ya mashamba ya ndengu kutoka Tawa hadi Kitui. Chini walimu wamejipanga mstari usio na mwisho, kila mmoja ameinua andalio lake la somo, na mimi nawatilia sahihi nikipita, kimya, kama umande. Mawingu yenyewe yanapunga mkono: "Mwalimu mlezi! Mwalimu mlezi..."

"Mwalimu Kioko!"

Nikaruka wima. Darasa kimya. Macho yote kwangu. Na nyinyi mnajua kwetu: watu wakinyamaza halafu ukaitwa jina ghafla, ni maombi. Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa hivyo kwa jambo lingine.

Nikafumba macho. "Na tuombe."

Na niliomba! Nikashukuru kwa siku nzima tuliyojaliwa (saa tatu asubuhi). Nikashukuru kwa chakula tulichokula (nani alikula?). Nikamkabidhi kila mtoto kwa malaika wa kumfikisha nyumbani. Madam Ndunge nikamwombea barabara yote mpaka kwake mjini Salama, kona kwa kona.

"Amina!"

"AMINA!" Watoto arobaini wakanyakua mikoba, wakatoka mbio. Shuleni kwetu sala ya kufunga ndiyo ruhusa ya kwenda nyumbani. Gredi ya Tatu walipoona wenzao wanapita dirishani, nao wakaokoka. Mwalimu mkuu alipotoka ofisini, nusu ya shule ilikuwa sokoni.

Tukabaki watatu, na kamba sakafuni.

"Mwalimu," Madam Ndunge akasema taratibu, "nilikuita uwashikie watoto ncha ya kamba."

Aiya!

"Haya, nionyeshe ulichoandika cha kumsaidia mwenzako."

Nikampa daftari. Mstari mmoja: "Madam anajitahidi sa—", halafu wino ukateremka ukurasa mzima, ukavuka ukingo, ukamalizikia kwenye suruali yangu.

Akaitazama suruali. Akamgeukia Mutheu, ambaye mabega yake yalikuwa yanatetemeka. (Nilidhani analia. Maskini mimi!)

"Na wewe, Madam? Ungemshauri nini mwenzako?"

Mutheu akameza kicheko. "Sauti yake imefika mpaka nyuma, Madam. Wanafunzi wote wameshiriki. Ila hakuzingatia muda."

Madam Ndunge akafungua daftari lake. Halafu akaandika, akapigia mstari.

Kwa hivyo tumepata mwalimu mlezi. Ni Mutheu. Na wa kwanza kulelewa ni mimi, Jumatatu, somo la kwanza. Anayetaka kucheka acheke leo, maana nimeambiwa nikifundisha nisisumbuliwe.