Rudisheni Alama Zangu Sitini na Moja

Kwako Meneja wa Kitengo cha Kadi,

Salamu, na kwanza samahani kwa kuchelewa kuandika. Barua ya kwanza mtoto aliitafuna, ya pili akaitapikia, na ya tatu nilisinzia juu yake kalamu ikiwa mkononi. Sasa amelala, kwa hiyo nitaandika haraka.

Mimi ni fundi cherehani na mteja wenu wa miaka minne. Miezi miwili iliyopita kadi yangu ya mkopo iliibwa kwenye mkoba nikiwa kwenye foleni ya kliniki, mikono yote miwili imeshika mtoto. Tangu hapo alama zangu za mkopo, zile zinazoonyesha kama mtu hulipa madeni yake, zimeshuka kwa sitini na moja. Sisemi ninyi ndio wezi. Nasema tu kwamba mwizi alichukua kadi, na alama hazikuwa ndani ya mkoba.

Nina oda ya sare arobaini za shule, na cherehani yangu inaruka mishono kama mtoto anavyoruka madimbwi. Mwenye duka la cherehani amenishikia mpya hadi Ijumaa ijayo. Atanipa nilipe kidogo kidogo, mradi alama zipande. Akiziangalia zilivyo sasa anatikisa kichwa kama daktari. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Niliripoti wizi siku ile ile. Dada wa mapokezi kwenu akaniambia, "Usijali mama, kupotea kwa kadi hakushushi alama." Nikaenda nyumbani nikanywa chai kwa amani. Nataka kurudishiwa ile amani.

2. Mliiua kadi ya zamani mkanipa yenye namba mpya. Vizuri. Lakini duka lililonikopesha friji lilikuwa linajikatia malipo yake kila mwezi kwenye ile ya zamani. Likaendelea kubisha mlango wa marehemu miezi miwili, halafu likaniandika mimi kuwa silipi kwa wakati. Hivi mfiwa naye huadhibiwa?

3. Mwizi alijaribu kununua viatu kwa kadi yangu mara mbili, mkamkatalia. Je, yeye mlimkata alama ngapi? Kama hamjui alipo, mkateni kwa makisio.

4. Ikiwa alama hushuka kwa nisilolitenda, basi zipande kwa ninalolitenda. Nina mdai mmoja nyumbani, ana miezi saba. Namlipa maziwa kila baada ya saa tatu na sijawahi kuruka awamu. Nikichelewa dakika mbili, mtaa mzima hupata taarifa. Hilo halimo popote kwenye kumbukumbu zenu.

5. Kama kazi ya kuhesabu alama imewashinda, mkabidhini mama mkwe wangu. Ananihesabia tangu siku ya harusi, hana kompyuta, na hajakosea hata moja. Akinipunguzia ananiambia papo hapo, mbele ya wageni, na sababu anaitoa: "Mwanangu, chumvi." Nikirekebisha, kesho yake ananirudishia. Ninyi mmenipunguzia kimyakimya, bila hata barua moja!

Kwa hiyo naomba, kwa upole lakini sitarudia: alama zangu sitini na moja zirudi kabla ya Ijumaa, pamoja na tisa za usumbufu, ziwe sabini.

Nisalimieni wote hapo: dada wa mapokezi, ambaye bado nampenda, na mlinzi aliyenibebea mtoto nilipokuwa naweka sahihi. Mwambieni kifungo chake cha shati tumekipata, kwenye nepi.

Ni mimi, ninayewatakia heri huku nimekasirika,

Fundi, mama wa yule mdai

Nyongeza: Mume wangu ameigeuza karatasi hii atafute anwani yenu, akaanza kuisoma kwa sauti huku anacheka. Kwangu mimi barua ya benki ni karatasi nzuri ya kukatia vielelezo vya nguo, ngumu, yenye upande mmoja mtupu. Maneno ya upande wa pili huwa sihangaiki nayo. Kumbe mliniandikia: "Ndugu mteja, wape namba mpya wote wanaojikatia malipo kwenye kadi yako kabla ya tarehe kumi. Malipo yakikwama, alama zako zinaweza kushuka." Nyingine mbili zipo, ila moja nimeshaikatia kola na nyingine mfuko. Tumeziunga kwa pini mezani. Zinasema hayo hayo, isipokuwa ya kwenye mfuko imeongeza "haraka sana".

Karatasi nyingine safi sina na stempu nimeshabandika, basi inakuja hivi hivi. Futeni malalamiko yote isipokuwa la nne. Mtu wa friji nimeshampigia, namba mpya anayo, na ile miezi miwili nimemlipa yote. Ninavyohitaji bado kutoka kwenu ni hivi: barua fupi kwa mwenye duka la cherehani, imfikie kabla ya Ijumaa, imweleze kwamba kadi iliibwa kweli na malipo yamekamilika; na kwangu, barua tatu za onyo, juu ya jambo lolote, karatasi kubwa kadiri mnavyoweza, upande mmoja mtupu. Bado sijakata mikono.