Jeshi Langu Halina Mwanamke

Jumatatu, 30 Novemba 1998

Tamthilia yangu ya Sikukuu ya Uhuru imekamilika. Inamhusu mwanamke wa kale aliyejigeuza mwanamume ili apigane vitani. Nafasi hiyo nitaiigiza mwenyewe. Kwa kuwa mhusika huonekana mwanamume mwanzo hadi mwisho, kumtafuta mwanamke ni kujitaabisha bure.

Wanafunzi wenzangu huku ugenini kwa Wachina walicheka. Dada Leokadia anayesomea udaktari, aliyepitia mafunzo ya jeshi ya JKT, akadai nafasi ni yake. (JKT ilisimamishwa kabla ya zamu yangu. Hasara yao.) Nikamfafanulia kwamba wanawake wa namna hiyo waliwahadaa askari wasiosoma, mimi ningemtambua mara moja. Akauliza: je, akiingia katika jeshi langu la waigizaji nisimtambue? Nikaapa mbele ya wote kwamba akiweza, nafasi ataichukua.

Alhamisi, 3 Desemba

Nimenunua sare za askari wangu katika maduka ya Barabara ya Zhanqian. Mwanafunzi mwenzangu Medard kaniletea kuruta mpya, mgeni wake kutoka mji wa Wuhan. Masharubu mazito, skafu shingoni. Koo linamuuma, hasemi. Kwata yake ya ajabu! Nilipoamuru kushoto geuka, ni yeye peke yake aliyegeuka kushoto. Mimi niligeuka kulia, kwa sababu za kisanaa.

Jumapili, 6 Desemba

Nimewakagua askari wote kumsaka mwanamke: watembee, wakae, wateme mate. Rahim ana mikono laini mno; nimemfukuza kama tahadhari. Kisha nikamnong'oneza kuruta kwamba Leokadia hathubutu kuja, hana mabega. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mwanamume wa kweli.

Jumatano, 9 Desemba

Sikukuu yenyewe. Mkahawa wa Huanshi Zhonglu ulifurika watazamaji. Niliamuru nyuma geuka, nikatembea kikakamavu hadi jikoni, peke yangu. Niliporudi, kuruta alikuwa akiliongoza jeshi kwa sauti ya Leokadia, masharubu mkononi.

"Kaka Lusajo," akaniuliza mbele ya mgeni wa ubalozi, "mabega haya yanakutosha, au nikuongezee?"

Watu walisimama kushangilia. Nikapewa mkuki, nikapangwa mstari wa nyuma. Rahim, aliyekwisha kurudishwa jeshini, akaniambia nijikaze, kuruta.

Alhamisi, 10 Desemba

Nimetafakari. Sikumtambua kwa sababu nilimfundisha vizuri kupita kiasi. Hoja yangu, basi, imesimama. Na sasa nina uzoefu.

Jioni amekuja Jaffari, mfanyabiashara wa Unguja, akiomba nafasi katika tamthilia ijayo. Sauti nzito. Ndevu hadi kifuani.

Nimetabasamu tu. Kesho, mbele ya watu, nitazivuta.